Wafugaji nyuki 1,400 wanatafuta tovuti: uchambuzi wa kisa kimoja cha kuchagua programu ya jumuiya

Tuchukulie chama cha wafugaji nyuki chenye wanachama 1,400 hivi. Mazungumzo yao yako kwenye makundi mawili ya WhatsApp, kwa sababu kundi moja halipokei zaidi ya watu 1,024. Kila msimu maswali ni yale yale. Nyuki wamehama mzinga mpya siku ya tatu, kwa nini? Vifuniko vya majana vimebonyea na kutoboka, huo ni ugonjwa gani? Asali ivunwe sega likiwa limezibwa kiasi gani? Majibu mazuri yapo, tena ya watu waliozeeka kazini, ila yamefukiwa chini ya salamu za asubuhi na picha za harusi. Anayeuliza leo hayapati, na aliyejibu mwaka jana amechoka kujirudia.

Uongozi umeamua kujenga tovuti. Yupo mwanachama mmoja anayejua seva, na anaweza kutoa saa tatu kwa juma. Agizo alilopewa ni fupi: tunataka kitu kama Facebook, ila kiwe chetu.

Agizo hilo ndilo linalopoteza watu wengi. Ukilifuata lilivyo, utafungua orodha ya programu na kuanza kuweka alama za vema: wasifu upo, marafiki wapo, ujumbe wa faragha upo, picha zipo. Karibu kila programu itapata alama zote, na utaishia kuchagua yenye sura ya kupendeza.

Kitu kikuu ni kipi

Kila programu ya jumuiya ina kitu kimoja inachokiweka katikati ya hifadhidata yake, na vingine vyote huning'inia hapo. Kwa phpBB, iliyoanza mwaka 2000, kitu hicho ni mada: swali lenye kichwa chake na majibu yake, linalobaki mahali pake. Ndivyo ilivyo pia kwa Flarum, XenForo na Discourse. Kwa Elgg, HumHub na BuddyPress (inayopachikwa juu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti), kitu kikuu ni mtu pamoja na mkondo wa anayoyafanya: ameandika, ameungana na fulani, amejiunga na kundi. Kwa Mastodon ni chapisho fupi linalowasafiria wafuasi, hata walio kwenye seva nyingine, kwa itifaki ya ActivityPub, lugha ya pamoja ya seva hizo.

Rangi, nembo na mpangilio wa menyu hubadilishwa kwa siku moja. Kitu kikuu hakibadiliki bila kuhama programu. Ndiyo maana uamuzi huanzia hapo, kabla ya kusakinisha chochote.

Kipimo chake hakihitaji kompyuta. Chukua ujumbe 30 wa juma la kawaida kutoka kwenye kundi, bila kuchagua, uutenge mafungu matatu: wenye jibu litakalofaa mwaka ujao, habari za leo tu, na maneno ya watu kujuana na kujuliana hali. Tuseme kwa wafugaji hawa yanatoka 17, 8 na 5. Basi walichokiita Facebook si Facebook. Wanachokosa ni ghala la maswali na majibu linalotafutika, na mada ndiyo kitu kikuu chao. Kama fungu la tatu lingekuwa kubwa kuliko mengine, uchambuzi huu ungeelekea HumHub na kumalizikia huko.

Wanaotoka mapema

Mastodon inatoka kwanza. Ni programu nzuri kwa kazi yake, lakini mada haikai pamoja, na seva inayozungumza na seva nyingine huhifadhi nakala za picha zao hadi diski ijae, usipoisafisha kwa ratiba. Drupal (mfumo wa kujengea tovuti) yenye Open Social (nyongeza yake ya jumuiya) inaweza kufanya lolote, na hapo ndipo ilipo shida yake: inamtaka mtu anayeishi nayo. Waliokuwa kwenye Drupal 7 wanalijua hilo vizuri, maana msaada wake ulikoma tarehe 5 Januari 2025, na kuhamia toleo jipya kulikuwa karibu sawa na kujenga upya. Saa tatu kwa juma hazitoshi. Elgg ina mpango mzuri wa ruhusa, kila chapisho na msomaji wake, ila toleo kuu jipya huvunja programu-jalizi (vipande vya nyongeza) za zamani.

Je, huduma ya kukodi ambako kampuni inashughulikia kila kitu? Si wazo baya hata kidogo kwa chama chenye fundi mmoja, ila swali la kwanza liwe: tukiondoka, tunatoka na nini? Ning, huduma ya kujengea mitandao ya kijamii, ilifuta huduma yake ya bure mwaka 2010. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, na Yahoo Groups mwezi Desemba 2020. Mwenye nyumba akifunga, aliyebaki salama ni yule mwenye nakala kamili ya hifadhidata pamoja na orodha ya anwani za barua pepe. Huduma isiyokupa vyote viwili kwa kubonyeza kitufe, iache hata kama ni bure.

Zinabaki tatu za kupimwa kwa mikono: BuddyPress, HumHub na Discourse. phpBB inawekwa akiba, tutairudia.

Picha ya simu

Jaribio la kwanza ni la picha, kwa sababu mfugaji nyuki haelezi ugonjwa kwa maneno, anapiga picha ya sega. Kwa hiyo usijaribu kwa picha ndogo iliyopakuliwa mtandaoni. Piga mpya kwa simu, ya MB 4 au 5, uipakie kama ilivyo.

Kwa BuddyPress na HumHub, zilizoandikwa kwa lugha ya PHP, mara nyingi picha hiyo hukataliwa, na ujumbe wa kosa hauelezi kitu. Sababu ni mipaka mitatu inayofuatana. PHP kwa kawaida yake inapokea faili isiyozidi MB 2. Seva ya nginx, inayopokea maombi ya vivinjari, ikiwa mbele yake, yenyewe huishia MB 1 na kutoa kosa 413. Ukishaipandisha yote miwili, unakutana na wa tatu, ambao ndio unaochanganya watu: kumbukumbu. Picha ya JPEG ya MB 5 hukunjuliwa kabla ya kupunguzwa, na kila nukta huchukua baiti 4 au zaidi. Picha ya nukta 4,000 kwa 3,000 inataka MB 48, na hiyo inapita. Simu ya megapikseli 48 inatoa nukta 8,000 kwa 6,000, yaani MB 192, wakati kikomo cha kawaida cha PHP ni MB 128. Matokeo yake ni ukurasa mweupe. Fundi anajaribu kwa simu yake, picha inapita. Mwanachama mwenye simu mpya zaidi anashindwa, anaambiwa mtandao wake ni mbovu. Weka MB 20 kwa faili, MB 25 kwa ombi zima na MB 512 kwa kumbukumbu, na hakikisha nginx nayo imepandishwa.

BuddyPress ina jingine: yenyewe hupokea picha ya wasifu na ya jalada, lakini picha ndani ya mkondo zinahitaji programu-jalizi ya ziada. Hiyo ni sehemu moja zaidi ya kusasisha, na mwandishi mmoja zaidi wa kumtegemea.

Kisha fungua picha uliyopakia, uikague kama bado ina viwianishi vya GPS. Hapa si suala la unadhifu tu. Mizinga huibwa, na picha yenye viwianishi ni ramani ya kumfikisha mwizi shambani. Discourse hufuta data hizo yenyewe, mradi mpangilio wake haujazimwa. WordPress, picha ikizidi nukta 2,560, hutengeneza nakala ndogo yenye neno «scaled» kwenye jina, lakini ile asili hubaki kwenye folda na data zake zote; anayejua kufuta neno hilo kwenye kiungo anaifikia. Kwa chama hiki, jambo hili peke yake lina uzito kuliko vipengele kumi vya wasifu.

Kuhusu nafasi, piga hesabu mapema. Picha 40 kwa siku, kila moja MB 4, ni GB 58 kwa mwaka. Zikipunguzwa hadi nusu MB, ni GB 7.

Kutafuta kwa Kiswahili

Jaribio la pili linashangaza. Ingiza mada 60 zilizokusanywa kutoka kwenye kundi, kisha mpe mtu ambaye hakuziandika atafute jibu la swali la mavuno.

Discourse hutumia injini ya utafutaji ya PostgreSQL, hifadhidata yake. Injini hiyo inajua kukata viambishi vya lugha kadhaa, lakini Kiswahili hakimo kwenye orodha yake. Ukiandika sehemu ya mwanzo ya neno, inakubali. Tatizo ni kwamba kitenzi chetu hubadilika mbele. «Kuvuna», «nimevuna», «tunavuna» na «wasivune» kwake ni maneno manne yasiyo na undugu. WordPress na BuddyPress zina njia ya kizamani: hutafuta herufi popote zilipo ndani ya maandishi, kwa hiyo «vuna» inayanasa yale matatu ya kwanza. Njia hiyo duni inaishinda ile ya kisasa kwa lugha yetu. Ila, zaidi ya WordPress kutanguliza vichwa vyenye neno hilo, haipangi matokeo kwa ubora: lililotajwa kwa kupita na lililoelezwa aya tano yanakaa pamoja. Na BuddyPress hutafuta kila sehemu kivyake, watu huku, makundi kule.

HumHub kwa kisa hiki ilianguka hapa, si kwa utafutaji mbovu bali kwa kitu kikuu chake. Chapisho ndani ya mkondo mara nyingi halina kichwa. Anayetafuta anapata orodha ya mistari inayoanza «Habari zenu ndugu, naomba msaada», yote ikifanana, na inabidi afungue moja baada ya nyingine.

Dawa kwa Discourse ni ya kibinadamu: kichwa cha kila mada kiwe na nomino. «Naombeni ushauri» kinageuzwa kuwa «Mavuno: sega lililozibwa nusu». Wasimamizi wawili wanapewa kazi hiyo kwa miezi mitatu ya mwanzo. Lebo zisizidi 12, nazo ziwekwe na uongozi, kwani kila mtu akijitungia utakuwa na «asali», «Asali» na «asali-mbichi» kufikia mwisho wa juma.

Seva na fundi wa saa tatu

Discourse inaomba zaidi. Inataka seva yake yenye Linux, Docker (chombo cha kuendesha programu ikiwa na kila inachohitaji) na jina la kikoa, na haikai kwenye uenyeji wa pamoja wa PHP, ambako tovuti nyingi hugawana seva moja. RAM ya GB 1 ndicho kiwango cha chini, tena kwa kuongezewa nafasi ya kubadilishana kwenye diski. Bila nafasi hiyo, ujenzi wa faili za kivinjari hufa katikati na kuacha tovuti ikiwa chini. Kwa watu 1,400 chukua GB 4. Usitishwe na idadi: Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya za mtandaoni takribani 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndiye anayeandika sehemu kubwa. Kwa chama hiki hao ni watu 14 wanaobeba tovuti, na seva ya kadiri inawatosha.

Ingawa ni nzito kusakinisha, kuitunza ni kwepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu sehemu zote zinakuja pamoja. Masasisho madogo hufanywa ndani ya kivinjari. Yale makubwa ni amri moja, `./launcher rebuild app`, na dakika kadhaa za tovuti kuwa chini. BuddyPress inasakinishwa kwa nusu saa, kisha kila juma kuna kusasisha WordPress, mandhari na programu-jalizi nane za waandishi wanane. Saa tatu za fundi huishia hapo. Zaidi ya hayo, kache ya kurasa (nakala zilizo tayari) inayofanya WordPress iende kasi haimsaidii aliyeingia kwenye akaunti, na kwenye tovuti ya jumuiya karibu wote wameingia.

HumHub ina mtego mmoja wa kukumbuka: inahitaji kazi mbili za cron (amri zinazojiendesha kwa ratiba) kila dakika, `queue/run` na `cron/run`. Zikisahaulika, tovuti inaonekana nzima, ila barua pepe hazitoki.

Udhaifu wa Discourse ni simu kuukuu. Ukurasa wa kwanza unabeba JavaScript nyingi, na vivinjari vya zamani haviingii kabisa. Omba simu kongwe kabisa iliyomo chamani ujaribu nayo. Kama mmoja kati ya watano hawezi kuingia, rudi kwa phpBB, ambayo ni nyepesi, ina mada, na inakaa kwenye uenyeji wa kawaida. Sura yake ya kizamani si dhambi.

Kwa kisa hiki tunachukua Discourse.

Barua pepe, mahali tovuti nyingi zinapofia

Asiyepata ujumbe wa kuthibitisha akaunti halalamiki. Anarudi WhatsApp. Kwa hiyo siku nzima ya kazi itengwe kwa barua pepe peke yake.

Watoa seva wengi hufunga mlango 25, unaopitisha barua kati ya seva, basi tumia huduma ya kusafirisha barua kupitia mlango 587. Kwenye DNS, daftari la majina ya vikoa, weka SPF (seva zinazoruhusiwa kutuma), DKIM (sahihi ya barua) na DMARC (barua isiyopita ifanyweje). Kosa la kawaida ni chama kuwa tayari na rekodi ya SPF ya barua za ofisi, kisha fundi akaongeza ya pili. Rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja hubatilishana. Ziunganishwe ziwe moja, nayo isizidi maulizo 10 ya DNS. DMARC ianze na `p=none`, yaani kuripoti tu bila kuzuia, kwa majuma mawili, usome ripoti, ndipo ukaze. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai vitu hivi vyote vitatu kwa anayetuma kwa wingi, na kwa mdogo pia bila hivyo barua huweza kuishia kwenye taka.

Mialiko isitoke yote siku moja. Kikoa kipya kinachomwaga barua 1,400 kwa saa moja kinafanana na cha matapeli. Tuma 50, kesho 100, kesho kutwa 200, ukiangalia zinazorudi. Anza na wale 14 wanaotarajiwa kuandika zaidi.

Majaribio hayaonyeshi kila kitu

Kikundi cha majaribio kiwe cha watu 30 kwa majuma manne, wakiwemo watatu wasiopenda kompyuta. Hapa Discourse ina jambo linalowashika wengi. Ikiwa mpya, inakuwa katika hali ya uanzishaji hadi ifikishe watu 50, na katika hali hiyo kila anayejiunga hupewa ngazi ya 1 ya kuaminiwa. Baada ya hapo wapya huanzia ngazi ya 0, yenye masharti ya kuzuia barua taka: picha 1 kwa chapisho, viungo 2. Majaribio ya watu 30 yatapita bila doa. Siku ya uzinduzi mfugaji atakuja na swali lake la kwanza na picha tatu za sega moja, mbele, nyuma na kwa karibu, na atakataliwa. Pandisha kikomo cha picha za mgeni hadi 4 kabla ya kuzindua, viungo uviache vilivyo. Ngazi ya 1 hupatikana kwa kufungua mada 5, kusoma machapisho 30 na kukaa dakika 10; kwa mtu mwenye sega linalooza mkononi hiyo ni safari ndefu.

Kagua pia tafsiri ya Kiswahili ukiwa na kikundi hiki. Kitufe kisichoeleweka kinarekebishwa kwenye ukurasa wa usimamizi, neno kwa neno, bila kugusa msimbo.

Usihamishe mazungumzo ya WhatsApp kama yalivyo. Wengi waliandika wakijua wanasomwa na kundi, hawakuridhia ulimwengu mzima. Zile mada 60 ziandikwe upya, na aliyejibu aulizwe kama jina lake litajwe.

Nakala rudufu

Discourse hujihifadhia nakala kila baada ya siku 7 na kubakiza 5, picha zikiwemo, na kwa kawaida huziweka kwenye seva ile ile. Kuna makosa mawili hapo. Seva ikifa, nakala zinakufa nayo. Pili, picha zikifika GB 7, nakala tano ni GB 35, na kwenye diski ya GB 40 PostgreSQL itakosa pa kuandika na tovuti itasimama, kwa kawaida usiku. Badili iwe kila siku, zitumwe kwenye hifadhi ya nje, na ndani ya seva zibaki 2. Kisha, kabla ya uzinduzi, fundi arudishe nakala moja kwenye seva tupu ya programu hiyo hiyo, ya toleo lile lile au jipya zaidi, huku mtu wa pili akiandika kila hatua kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo itakayotumika siku fundi akiwa safarini.

Makundi ya WhatsApp yasifungwe siku ya uzinduzi. Kwa mwezi mmoja yaachwe wazi, na kila swali la ufugaji lijibiwe kwa kiungo cha mada. Baada ya mwezi yabadilishwe ili wasimamizi pekee ndio waandike.

Mwezi wa sita, hesabu tena kwa mafungu yale matatu, safari hii ndani ya tovuti. Ukikuta mada yenye uhai kuliko zote inaitwa «Habari za leo», ina majibu 900, na za maswali zimepoa, basi zile ujumbe 30 za mwanzo zilichukuliwa kwenye juma lisilo la kawaida. Watu hawa walitaka kujuana. Hapo nakala ya hifadhidata unayo, anwani unazo, na HumHub inakungoja.